Siku Gwakisa Alipokaukiwa Sauti

Ndama hufuata kidole, hafuati kelele.

Mmemsikia shangazi yenu akimwambia mumewe hivyo asubuhi hii, huyo mume alipokuwa akimkaripia mtoto asiyetaka kunywa dawa. Mkacheka, kisha mkatazamana, maana hakuna kati yenu aliyejua maneno hayo yametoka wapi. Wewe Lugano umeniuliza kama yametoka kitabuni. Hayakutoka kitabuni, mjukuu wangu. Yalitoka zizini, tena zizi lenye matope. Endeleeni kumenya hizo ndizi, kazi ya kusikiliza ni ya masikio, si ya mikono. Mwanzo wa methali hii ulikuwa huu.

Huku kwetu Rungwe, upande ule ambako ukungu hushuka na kulala juu ya migomba mpaka jua lipande, alikuwako mtu aliyeitwa Gwakisa Mwaisumo. Umbo lake lilikuwa dogo, hata kofia yake ilikuwa ikimfika masikioni, lakini Mungu alikuwa amempa sauti ya watu wengi. Akisimama kwenye kilima nyuma ya nyumba yake na kuita, aliyekuwa akichuma chai ng'ambo ya mto Mbaka alinyoosha mgongo na kuitika. Siku hizo simu zilikuwa bado hazijafika vijijini. Mwenyekiti akitaka mkutano, alimwendea Gwakisa. Mtu akifiwa, alimwendea Gwakisa. Hata mbuzi akipotea, Gwakisa alipanda kilimani akatangaza rangi yake na mkato wa sikio lake, na kabla ya jioni mbuzi alikuwa amerudishwa.

Kwa hiyo kijiji kilimheshimu, naye akaipenda sauti yake kama mtu anavyopenda jembe lililomlisha. Shida ni kwamba hakujua kuiacha mlangoni. Akiomba chumvi mezani, jirani alidhani kuna moto. Akimpa mtu pole, aliyepewa pole alishtuka. Hakuwa mkali hata kidogo. Alikuwa mkarimu, mwepesi wa kucheka, na shamba lake alilitunza vizuri. Ila aliamini kwamba jambo lisilokwenda, likipigiwa kelele ya kutosha, litakwenda.

Mkewe, Tumpe, alikuwa amekwisha kuzoea. Yeye alisubiri mumewe awe anatafuna, ndipo akazungumza naye. Aliyeshindwa kuzoea ni binti yao mkubwa, Bupe.

Bupe alikuwa msichana mzima, mshonaji hodari, mwenye cherehani yake barazani na wateja waliotoka vijiji vya mbali. Alikuwa na kigugumizi tangu utoto wake. Akiwa na wateja wake, au akiwa na mama yake jikoni, kilikuwa kidogo, kama mtu anayejikwaa na kuendelea na safari. Mbele ya baba yake kilikuwa kikubwa. Bupe alianza neno, nalo likagoma mdomoni. Baba yake, kwa kumhurumia kabisa, alimsukuma kwa sauti yake ile. "Sema, mwanangu. Sema tu. Unataka nini? Uzi? Mafuta ya cherehani?" Naye alikuwa akiyamalizia maneno ya binti yake kwa namna aliyoona yeye inafaa, halafu akaondoka ameridhika kwamba amemsaidia.

Mwaka huo Bupe alikuwa na neno ambalo halikuwa la uzi wala mafuta. Ng'ambo ya mto kulikuwa na seremala aliyeitwa Ambonisye, kijana mtulivu aliyemtengenezea meza ya cherehani, kisha akawa anakuja kuitazama meza ile mara nyingi kuliko meza inavyohitaji kutazamwa. Walikuwa wamekubaliana. Wazee wa Ambonisye walikuwa tayari kuja kuposa, na walichosubiri ni kuambiwa kwamba mlango uko wazi.

Tumpe alilijua jambo hilo, na desturi ingemruhusu yeye amfikishie mumewe. Lakini Bupe alimsihi asifanye hivyo.

"Mama," alimwambia jikoni, "tangu nizaliwe watu wananimalizia maneno. Hili na-naomba nilimalize mwenyewe."

"Basi limalize, mwanangu," Tumpe akasema. "Mimi sitatia mkono."

Bupe akajaribu. Jioni moja, baba yake alipokuwa akinawa, alianza, "Baba, kuna wa-wa-wage..."

"Wageni wa kanisa?" Gwakisa akanguruma. "Nimekwisha kuwatangaza. Watalala kwa mzee wa kanisa, usiwe na wasiwasi."

Alijaribu tena shambani, na tena njiani wakitoka gulioni, na kila mara sentensi yake ilinyang'anywa ikiwa bado mbichi. Ng'ambo ya mto wazee wa Ambonisye wakaanza kuulizana. Ukimya wa namna ile, kwao, ulikuwa na maana moja tu: tumekataliwa, ila adabu inawazuia wenzetu kutuambia. Ambonisye alimletea Bupe habari hiyo akiwa ameinamisha kichwa, na Bupe akashona siku nzima bila kuinua macho.

Sasa niwaambie habari za ng'ombe.

Zamani zizi la Gwakisa lilikuwa na ng'ombe wengi, lakini ugonjwa ulipita mlimani ukawaangusha wote, na kwa miaka kadhaa nyumba ile ilikaa bila maziwa. Nyinyi mmezoea maziwa ya dukani, hamjui uchungu wake. Mnyakyusa akitembelewa na mgeni akakosa kumpa kibuyu cha maziwa mgando, siku hiyo hata kiti anachompa anaona ni kifupi. Mwishowe baba yake Tumpe aliwaonea huruma akawapa mtamba mmoja, mweusi, mwenye kope ndefu. Wakamwita Kisura. Kisura alipopata mimba, Gwakisa alipanda kilimani akakitangazia kijiji kizima, ingawa hakuna aliyemtuma.

Kisura akazaa asubuhi moja ya ukungu. Gwakisa na Tumpe walikuwapo, wote wawili wamepiga magoti kwenye majani makavu ya migomba, na ndama alipotoka, wa kahawia mwenye alama nyeupe kwenye paji la uso, Tumpe alimpangusa pua na mdomo, akainua mguu wake akatazama.

"Jike," akasema.

Gwakisa alitoka nje akaitangaza habari hiyo kwa nguvu zake zote. Jike lilikuwa na maana kwamba zizi lingejaa tena. Ng'ambo ya mto mtu akaitika.

Lakini aliporudi ndani, alimkuta Tumpe amesimama na hana furaha tena. Ndama alikuwa amejikongoja mpaka kwenye kiwele cha mama yake, na Kisura akampiga teke. Ndama akaanguka, akainuka, akarudi. Kisura akampiga teke tena, akageuka na kumtishia kwa pembe. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuzaa, kiwele kilikuwa kimejaa na kumuuma, na kile kiumbe kilichokuwa kikimgusagusa hakukitambua kuwa ni chake.

Wakamtenga ndama pembeni ya zizi. Tumpe alimfunga Kisura miguu ya nyuma, akamkamua kwa subira mpaka akapata dang'a, yale maziwa ya kwanza mazito ya manjano ambayo ndama asipoyapata mapema hana maisha. Bupe alitumwa kumtafuta bwana mifugo, aliyekuwa na ziara kwenye vijiji vya bondeni. Gwakisa akabaki na ndoo, ndama, na sauti yake.

Akamshika ndama kichwa, akakisukuma ndani ya ndoo. Ndama akapiga chafya, dang'a ikamrukia Gwakisa usoni. Akamsukuma tena. Ndama akakaza shingo, akafumba mdomo, akatoka na mapovu puani.

"Kunywa," Gwakisa akamwambia. "Kunywa, mtoto wewe, ni chakula chako hiki." Na kila ndama alipokataa, alipandisha sauti.

Majirani walimsikia, wakaja. Nani asingekuja? Zizi likajaa watu na kila mtu akaja na ushauri wake. Mmoja akasema ndama ashikwe masikio. Mwingine akasema ashikwe mkia. Mzee mmoja akaleta chupa ya soda, wakamnyanyua ndama mdomo juu na kummiminia; ndama akakohoa kikohozi kibaya cha kina, macho yakamtoka, na Tumpe akaikamata ile chupa.

"Mtamzamisha na yuko nchi kavu," akasema. "Hii haitaingia tena humu."

Gwakisa aliwatangazia walioshika masikio waachie, akawatangazia walioachia washike, akamkaripia Kisura kwa kukosa huruma, akambembeleza ndama kwa sauti ileile aliyoitia mkutano. Kadiri kelele zilivyozidi, ndivyo ndama alivyojikunja kwenye kona. Jua lilipita katikati ya mbingu likaanza kuteremka. Tumpe alimgusa ndama masikio, yalikuwa baridi. Akamtia kidole pembeni ya mdomo, nako kulianza kuwa baridi. Akamtazama mumewe, naye Gwakisa akajaza kifua kwa mara ya mwisho, akafungua mdomo ili amwambie ndama asife.

Hakukutoka kitu. Alijaribu tena, ukatoka mkwaruzo kama wa panga linalopita kwenye jiwe, kisha hata huo ukaisha. Sauti ya Gwakisa, iliyovuka mto miaka yote ile, ilikuwa imekauka.

Majirani walisubiri kidogo. Kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kuwaongoza, na kwa kuwa hakuna anayependa kutazama mnyama akifa, wakaaga mmoja mmoja, wakashika njia. Tumpe akaenda jikoni kuchemsha maji ya kumkanda ndama. Gwakisa akabaki peke yake.

Hapo ndipo mambo yalipogeuka, na sikilizeni vizuri, maana hakuna aliyemfundisha.

Hakuwa na la kufanya. Mtu ambaye njia yake ilikuwa moja, na njia hiyo imezibwa, hukaa chini. Basi akakaa chini kwenye majani, akavua koti lake akamfunika ndama, akamvuta kwenye paja lake. Akachukua majani makavu ya mgomba akaanza kumsugua mgongo taratibu, ili ajihisi anafanya kitu. Zizi lilikuwa kimya. Alisikia Kisura akicheua. Alisikia matone ya ukungu yakianguka kutoka kwenye migomba. Alikuwa na zizi lile maisha yake yote, na hakukumbuka kama aliwahi kulisikia.

Mikono yake ilikuwa imelowa dang'a kwa zile hekaheka za mchana. Ndama alinyoosha shingo, akanusa mkono uliokuwa karibu naye. Akaulamba. Ulimi ulikuwa mkavu na unakwaruza. Kisha akakipata kidole cha kati, akakiingiza mdomoni, akaanza kunyonya.

Gwakisa aliniambia mwenyewe, alipokuwa mzee na mimi msichana, kwamba katika maisha yake hajapata kutaka kupiga kelele kama dakika ile. Kidole kilivutwa kwa nguvu ambayo hakudhani imebaki katika mwili ule mdogo. Alifungua mdomo ili amwite Tumpe, aite majirani, aite ng'ambo ya mto, na hakukutoka kitu, akashukuru baadaye kwamba hakukutoka, maana ndama angeshtuka na kukiachia.

Badala yake, kwa mkono wa pili, aliivuta ndoo polepole mpaka ikawa kati ya magoti yake. Akaushusha mkono ulionyonywa kidogo kidogo, na pua ya ndama ikaufuata. Ulipogusa maziwa, ndama alishtuka akarudi nyuma. Gwakisa hakumshika. Alichovya kidole, akakinyoosha, akangoja. Ndama akarudi. Wakashuka tena pamoja, ndama akashtuka tena, na Gwakisa akangoja tena. Mara iliyofuata pua ilipogusa maziwa ndama alikuwa ameshughulika mno na kidole hata asijali, na kwa kunyonya kidole akajikuta ananyonya na kilichokizunguka. Akasimama kidogo, kama mtu aliyeambiwa jambo asiloamini. Kisha mkia wake ukaanza kutikisika.

Tumpe aliporudi na maji ya moto, alisimama mlangoni. Mumewe alikuwa ameketi kwenye matope, bila koti, mkono mmoja umezama ndani ya ndoo, machozi yanamtiririka mpaka kwenye tabasamu, na mkono wa pili umeinuliwa kumwashiria asiseme neno. Gwakisa Mwaisumo akimwomba mtu mwingine anyamaze. Tumpe aliweka maji chini kwa uangalifu, akajifunika mdomo kwa khanga, akacheka mpaka akalazimika kukaa.

Bwana mifugo alifika kesho yake pamoja na Bupe. Akampima ndama, akamsifu Gwakisa, akasema ndivyo hasa ndama anavyofundishwa kunywa ndooni, na kwamba akiendelea hivyo kidole kitaachwa chenyewe. Akamtazama na Gwakisa koo, ingawa si kazi yake, akamwambia anywe maji ya uvuguvugu yenye asali na asithubutu hata kunong'ona mpaka koo lipone.

Kijiji kikaingia katika kipindi cha ajabu. Mwenyekiti alipanda mwenyewe kilimani kutangaza mkutano, na waliokuja ni jirani zake tu. Watu walipita kwa Gwakisa kumpa pole, wakajikuta wao ndio wanaozungumza, wakaondoka wakisema mzungumzaji mzuri sana yule. Naye Gwakisa alikuwa na kazi yake. Asubuhi na jioni alikaa zizini na kidole chake, kwa sababu ndama hakukubali cha mtu mwingine. Na mtu wa kumshikia ndoo alikuwa Bupe.

Jioni moja walikuwa hivyo, ndoo kati yao, ndama akinywa. Bupe akamtazama baba yake, akavuta pumzi.

"Baba, kuna wa-wa..."

Gwakisa kwa mazoea alifungua mdomo ili amsaidie. Akakumbuka hana cha kumsaidia nacho. Akaufunga.

Bupe naye alikuwa ameshanyamaza, kama afanyavyo mtu anayekaa pembeni mwa njia akingoja lori lipite. Lori halikupita. Alimwona baba yake ametulia, kidole mdomoni mwa ndama, macho kwake, hana haraka. Akajaribu tena.

"Kuna wa-wazee. Wa ng'ambo. Wanataka ku-ku..."

Akakwama hapo. Gwakisa alihisi neno limemjia ulimini, *kununua*, kununua mkungu wa ndizi, na moyoni akaona aibu, kwani hapo hapo akatambua kwamba hajui. Mwanawe anataka kumwambia kitu na yeye hajui ni kitu gani. Akangoja. Ndama akavuta pumzi, akarudi kwenye maziwa.

"Kuja," Bupe akasema. "Wanataka kuja kuniposa. Kwa a-ajili ya mtoto wao, Ambonisye, seremala. Na mimi nimemkubali, baba. Nimekuwa ni-nikitaka kukuambia. Wao wanadhani tumewakataa. Nami namtaka."

Maziwa yalikuwa yameisha ndoo nzima kabla maneno hayajaisha, na ndama alikuwa ananyonya kidole kitupu. Gwakisa hakukitoa. Alikuwa akimtazama binti yake kama anavyotazamwa mtu aliyerudi kutoka safari ndefu. Alikuwa amemlea, amemlisha, amempeleka shule, na ile ndiyo mara yake ya kwanza kumsikia akifika mwisho wa jambo lake mwenyewe. Wala halikufanana na kitu chochote ambacho yeye angemmalizia.

"Basi wa-waje?" Bupe akamwuliza.

Gwakisa akatikisa kichwa kukubali, kwa nguvu hata kofia ikaangukia ndani ya ndoo.

Wazee wa Ambonisye walikuja baada ya mavuno ya maharage. Ndama wakati huo alikuwa anakunywa mwenyewe, ameota pembe ndogo kama vifungo, na anawasukuma wageni kiunoni akitafuta vidole vyao. Sauti ya Gwakisa ilikuwa imerudi, lakini si ileile. Ilikuwa ya chini, yenye mkwaruzo, na ili kumsikia ilibidi watu wasogee. Baadhi walisema ni koo halikupona. Tumpe alisema koo lilipona zamani.

Ukumbi ulikuwa uani, mikeka imetandikwa, maziwa mgando ya Kisura yamemiminwa kwenye vikombe. Mshenga akasema aliyotumwa kusema. Ikabaki desturi: binti aitwe mbele ya watu, aulizwe kama anawafahamu wageni hawa, na kama wapokewe au warudishwe. Bupe akaja, amevaa gauni aliloshona mwenyewe, akapiga magoti.

Aliyeuliza ni baba yake mkubwa, Andembwisye, kaka yake Gwakisa, ambaye naye alikuwa amejaliwa kifua kipana cha ukoo ule. "Bupe, unawafahamu wageni hawa?"

"Na-na-na..." Bupe akaanza. Watu wote walikuwa wakimtazama, na neno likakaza. "Na-na..."

Vijana fulani nyuma wakachekacheka. Mama yake Ambonisye akatazama chini. Andembwisye akajisogeza mbele, akapaza sauti, "Sema basi, mwanangu, jua linatuchoma. Ni ndiyo au siyo? Tuseme ndiyo?"

Gwakisa akainua kidole kimoja. Hakusimama. Akasema kwa ile sauti yake mpya, na uwanja mzima ukanyamaza ili uisikie.

"Kaka, ndama hufuata kidole, hafuati kelele. Mwache. Yuko njiani, atafika."

Andembwisye akafunga mdomo, kwa mshangao zaidi kuliko kwa utii, maana hakuwahi kumsikia mdogo wake akisema jambo polepole. Wageni wakatulia. Vijana wa nyuma wakatulia. Bupe alimtazama baba yake, na baba yake alikuwa ametulia vilevile kama siku ile ya zizini, hana pengine anapotakiwa kuwa. Akavuta pumzi.

"Nawafahamu," akasema. "Wa-wapokeeni. Ila katika ng'ombe wa mahari, naomba mmoja wao awe anayempenda ndama wake." Akanyamaza, na hakuna aliyemsukuma. "Kwa sababu baba yangu ha-hana vidole vya kutosha."

Kilichofuata kilisikika ng'ambo ya mto bila kutangazwa. Akina mama walipiga vigelegele, mzee mmoja wa upande wa wageni alicheka mpaka akamwaga maziwa, na Ambonisye, ambaye kwa adabu alitakiwa akae kama jiwe, alishindwa akajificha uso kwenye kofia yake. Gwakisa alicheka pia, bila sauti, mabega yakimtikisika.

Wageni walipovuka mto kurudi kwao, waliyabeba maneno yale. Mwaka huohuo mwalimu mmoja wa upande ule, aliyependa fimbo, aliambiwa na mzazi: mwalimu, ndama hufuata kidole. Mama mmoja alimwambia mwenzake aliyekuwa akimlazimisha mtoto uji. Bibi arusi mmoja alimwambia mama mkwe wake, ingawa huyo alikuwa jasiri. Maneno yakashuka bondeni, yakapanda malori ya ndizi, yakafika mbali kuliko sauti ya Gwakisa ilivyowahi kufika, na wengi wanaoyasema leo hawajui kwamba kulikuwa na Gwakisa.

Basi na nyinyi mtakuwa na wadogo wa kufundisha, na wengine mtakuwa na wake na waume na watoto, na wapo watu watakaokuja mbele yenu na neno lililowakwama. Mtatamani kulisukuma. Mtaona kama mnawasaidia. Siku hiyo shusheni mkono taratibu, mngoje, na wakishtuka mngoje tena. Anayeongozwa kwa upole hufika kwa miguu yake, na akifika, anakuja na jambo ambalo nyinyi msingeweza kulikisia.

Ndama hufuata kidole, hafuati kelele.